Injini ya Baba imekwama chini ya mwembe: nirudishe ya asili au niache ya Toyota?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 42, mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji. Nimesita sana kukuandikia maana naona wenzangu wanakuletea mambo ya ndoa, wakwe na watoto, na langu ni la gari. Lakini gari hili limetugawa nyumbani, na mimi limeninyima usingizi tangu Ramadhani.

Baba yetu alifariki mwaka juzi. Maisha yake yote alikuwa mchuuzi wa mawese, dagaa na chumvi ya Uvinza. Anapakia huku, anapeleka Kasulu na Kibondo, anarudi na maharage. Kazi hiyo aliifanya na Land Rover 109, Series III ya mwaka 1978, aliyoinunua mwaka 1988 kwenye mnada wa shirika moja la umma. Ilikuja nyumbani ikiwa bado na namba za SU. Sisi watoto tumekulia nyuma ya gari hilo, tumelalia magunia yake, tumetapika ndani yake.

Ilikuwa na injini yake ya petroli, silinda nne, cc 2286. Mwaka 1995 ikafia njiani Baba akitoka Kibondo. Nadhani unaikumbuka miaka ile. Wilaya zetu zilijaa wakimbizi wa Burundi, barabara zikajaa Land Cruiser za mashirika, na spea za Toyota zikaanza kuonekana hata Mwanga sokoni. Za Land Rover ilikuwa uagize Dar, usubiri treni. Baba akanunua injini ya Land Cruiser iliyopinduka, ile 3B ya dizeli, cc 3431. Yeye na rafiki yake fundi wakaifunga kwenye Land Rover chini ya mwembe wetu, mnyororo wa kunyanyulia umening'inia kwenye tawi. Giaboksi waliacha ile ile ya Land Rover. Bamba la kuunganisha injini na giaboksi lilikerezwa na mzee mmoja mstaafu wa reli. Mimi nilikuwa na miaka 12 na kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Bado namsikia Baba akinikaripia: "Mulika mkono, usimulike uso!"

Tangu siku hiyo gari likawa na mlio mwingine, mzito, wa kukohoa. Mama alikuwa akiusikia likiwa bado mbali huko kwenye kona, anainuka na kuweka maji ya chai.

Injini ya zamani Baba hakuiuza. Aliiweka juu ya mataruma mawili ya reli hapo hapo chini ya mwembe, akaifunika turubai. Kila Idi, tukishakula pilau, anaifunua, anafungua plagi nne, anadondoshea mafuta kila tundu, kisha anachomeka hendeli na kuizungusha mara kadhaa taratibu. Akimaliza anafuta mikono na kusema, "Siku moja nitairudisha nyumbani kwake." Alisema hivyo miaka yote.

Aliugua miaka miwili. Idi ya mwisho alikuwa kitandani, akaniuliza, "Umeipa mafuta?" Nikamwambia ndiyo. Sikuwa nimeipa.

Baada ya hitima nilikwenda na hendeli nikajaribu kuizungusha. Haikwenda. Nilining'inia na uzito wangu wote, haikwenda.

Sasa mzozo. Kaka yangu mkubwa yuko Dar. Anataka gari lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani, injini yake, rangi yake, kila kitu, na yuko tayari kutuma milioni tatu kuanzia. Anasema Land Rover yenye moyo wa Toyota ni chotara, haina heshima. Amepata na mtu Arusha anayesema akiikuta ya asili atatoa bei nzuri kama tutataka kuuza. Mdogo wangu wa kiume ndiye anayeliendesha sasa, anabebea mawese siku mbili tatu kwa wiki, na anasema injini ya petroli itamfilisi: Baba alikuwa akipata kilometa tano au sita kwa lita moja, na hii dizeli inampa nane mpaka tisa. Tulimwita fundi kijana wa Gungu alikague, akakuta ufa kwenye chesisi pale mauntingi ya injini ya Toyota ilipochomelewa. Akasema ndio mwanya wenyewe, toeni hii injini, haikuwa ya hapa tangu mwanzo. Maneno hayo yakamfikia yule fundi mzee, rafiki wa Baba. Alikuwa anakuja kwetu karibu kila jioni kunywa chai. Hajaja tena.

Mama ukimuuliza anajibu, "Fanyeni mnavyoona."

Gari Baba aliniachia mimi. Alinipa funguo mkononi wiki mbili kabla hajafariki. Kwa hiyo wote wananitazama mimi. Nikiiacha injini ya Toyota, je, nitakuwa nimepuuza neno la Baba? Na nikirudisha ile ya asili, je, ninamfukuza mdogo wangu kazini na kumtukana mzee wa watu? Nisaidie, Mama.

Mshika Tochi, Ujiji

———

Marahaba, mwanangu Mshika Tochi. Mungu amrehemu mzee wetu.

Usiombe radhi kwa kuniletea habari za gari. Gari lililobeba mawese ya kusomesha watoto ni mtu wa nyumba ile, na mambo ya watu wa nyumba ndiyo kazi yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kwa kuwa ya injini siyajui vizuri, nimekwenda Mwanga kukaa nusu siku na fundi ninayemwamini ili nisikuandikie ya kubahatisha.

Nikukariri nione kama nimekuelewa. Gari moja lina injini mbili: moja iliyozaliwa nalo na moja aliyoifunga Baba. Kaka anataka ya kwanza, mdogo wako anaitaka ya pili, fundi kijana ana ufa wa kuonyesha, fundi mzee ana uchungu, na Mama amenyamaza. Wewe umeshika funguo, na unaogopa kwamba lolote utakaloamua, kuna mtu utakuwa umemkosea, na wa kwanza wao ni Baba mwenyewe.

Lakini mwanangu, mbona sentensi nzito kuliko zote katika barua yako ndiyo umeipitia haraka kuliko zote? "Sikuwa nimeipa." Maneno mawili, kisha ukaruka kwenda kwenye hitima. Naomba tuketi hapo kidogo, maana nadhani yale milioni na kilometa kwa lita hayawezi kuongelewa vizuri kabla ya hili.

Ulimwambia mgonjwa "ndiyo" ili atulie. Sijui binti aliyeuguza mzazi ambaye hajawahi kusema "ndiyo" ya namna hiyo. Tumewaambia wagonjwa wetu kwamba ng'ombe wamelishwa, kwamba deni limelipwa, kwamba fulani amepiga simu kuwasalimu. Wewe ulikuwa unafundisha asubuhi na kuuguza jioni. Injini iliyolala chini ya turubai ingekumbukwa na nani? Sikwambii jambo hilo halina uzito. Nakwambia uzito wake ni mdogo kuliko huo unaoubeba. Na ninashuku kwamba ile siku uliyoning'inia kwenye hendeli, hukuwa unapima injini. Ulikuwa unataka ile "ndiyo" iwe kweli.

Kama nimekosea, nisamehe. Kama sijakosea, basi kuna jambo litakalokupunguzia mzigo. Kuifungua injini ile mpaka izunguke tena ni kazi moja, na kuirudisha ndani ya gari ni kazi nyingine kabisa. Wewe umezifunga pamoja kama kuni. Unaweza kuifanya ya kwanza bila kuigusa ya pili, na hakuna atakayegombana nawe, si kaka, si mdogo wako. Yule fundi wa Mwanga ameniambia hivi: usining'inie tena kwenye hendeli. Injini iliyokaa bila mafuta inaweza kuwa imeshikwa na kutu kidogo tu kwenye pistoni ringi, au vali zimekwama, na ukilazimisha unavunja ringi au kupinda fito za kusukuma vali, ukageuza hasara ndogo kuwa kubwa. Fungua plagi zote nne. Mimina kila tundu dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, yale mekundu mepesi. Iache siku kadhaa, ongeza, iache tena, hata wiki mbili. Kisha jaribu kwa hendeli, mbele kidogo, nyuma kidogo, kwa mkono na si kwa uzito wa mwili. Ikikataa kabisa ndipo ifunguliwe silinda hedi watu waone ndani. Hata kuta za silinda zikiwa zimeliwa, injini za namna ile zilitengenezwa nyingi sana na spea zake bado zinapatikana. Huchongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa kidogo, au hutiwa slivu. Gharama yake haijulikani mpaka imefunguliwa, kwa hiyo mtu yeyote anayekutajia bei leo anakisia.

Sasa neno la Baba. "Siku moja nitairudisha nyumbani kwake." Wewe umelichukua kama wasia. Mimi najiuliza. Tangu 1995 mpaka anaugua ni miaka zaidi ya ishirini na tano. Alikuwa na zana, alikuwa na fundi rafiki, alikuwa na mwembe, na miaka mingine biashara ilikuwa nzuri, si kweli? Hakuirudisha. Mtu anaweza kusema: kwa hiyo hakuwa anataka, yalikuwa maneno ya Idi. Lakini mtu mwingine atajibu: kama hakuwa anataka, mbona aliipa mafuta kila mwaka? Hakuna anayelisha asichokipenda. Mimi nimejaribu kuchagua kati ya haya mawili nikashindwa, na sidhani kama wewe utaweza, maana mwenye jibu tumemzika. Huenda Baba alipenda tu kuwa nayo hiyo "siku moja". Wazee wetu wengi wana kitu kama hicho: kiwanja ambacho siku moja watakijenga, kijiji ambacho siku moja watarudi. Ninachokuomba usimwekee Baba kinywani uhakika ambao yeye mwenyewe hakuwa nao.

Kaka yako anasema "asili". Neno zuri, lakini muulize kwa upole: asili ya lini? Gari lilitoka kiwandani Uingereza mwaka 1978 likiwa na petroli. Hiyo ni asili ya kiwanda. Likaja kwenu mwaka 1988 na namba za SU. Likakaa miaka saba na injini ile. Kisha likakaa miaka mingine yote, zaidi ya mara tatu ya hiyo, na injini aliyoichagua Baba kwa akili yake, kwa fedha yake, katika mwaka mgumu. Kaka yako anapotaka kumrudisha Baba kwa kurudisha gari, anamrudisha Baba yupi? Kaka mkubwa huenda anamkumbuka Baba wa petroli. Mdogo wenu hakumjua Baba huyo. Yeye amezaliwa ndani ya mlio wa dizeli. Wote wawili wanasema kweli.

Ninapofikiri haya siwezi kuacha kuiona meli yetu Liemba pale bandarini. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi majini mwaka 1927 na jina jipya. Ilizaliwa na injini za mvuke, na miaka ya 1970 zikatolewa zikawekwa za dizeli. Hakuna mtu wa Kigoma ninayemjua aliyewahi kusema hii si Liemba tena. Lakini nikwambie na upande wa pili, maana sitaki kukuvuta: marehemu mjomba wangu, aliyefanya kazi bandarini, aliusikitikia mvuke mpaka anakufa. Alikuwa akisema meli imebaki, ila sauti yake imekwenda. Wala hatukumwona mjinga.

Tuje kwenye chuma chenyewe. Ule ufa kwenye chesisi ndio jambo pekee katika barua yako lisiloweza kusubiri, na nakusihi mdogo wako asibebe mzigo na gari lile mpaka utengenezwe. Lakini angalia fundi kijana alivyorukia: kaona ufa, kahukumu injini. Fundi wangu anasema ufa wa namna hiyo unaweza kuwa na sababu mbili tatu. 3B ni nzito kuliko ile ya petroli, na dizeli kubwa ya silinda nne hutikisika. Kama mipira ya mauntingi imekufa, mtikisiko wote unaingia kwenye chuma. Inawezekana kabisa kwamba mipira hiyo haijabadilishwa tangu 1995. Inawezekana pia chesisi imeoza kwa ndani, kwa sababu bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na inakudanganya kwa kung'aa huku chesisi ya chuma chini yake inakwisha, hasa gari lililobeba chumvi. Kama ni kutu, basi ufa huo ungekuja na injini yoyote. Mwambieni agonge chesisi yote kwa nyundo ndogo, kuanzia mbele mpaka nyuma, asikilize. Hilo lifanyike kwanza, kabla ya fedha ya kaka kugusa rangi.

Ukichagua kurudisha ya petroli, jua unachoingia. Wakati wa kufunga Toyota, mara nyingi mafundi hukata vishikizo vya injini ya zamani kwenye chesisi, husogeza rejeta, wengine hukata hata ukuta wa miguuni. Je, Baba alivitunza vile vishikizo? Muulize aliyekuwepo. Utapata gari tulivu, jepesi mbele, ambalo kaka yako atalia akilisikia, na mtu wa Arusha atalipenda. Litakuwa na nguvu za farasi kama sabini tu, na pengine mdogo wako hatalimudu kwa kazi. Je, kaka yuko tayari kumsaidia kupata gari lingine la mawese? Kama fedha yake ni ya kurudisha gari pekee, na anayelipia kwa jasho ni mdogo wake, hiyo ni hesabu ambayo nyie ndugu mnapaswa kuifanya mkiwa mmekaa mkeka mmoja, si kwa simu. Na kama nia ni kuuza, semeni ni kuuza. Kulirudisha gari kwa jina la Baba kisha kulipeleka Arusha kunaweza kuwaumiza baadaye zaidi ya kuliuza leo lilivyo.

Ukichagua kuacha ya Toyota, nako kuna hatari zake. Breki za gari lile ni za ngoma magurudumu yote manne, na zilitengenezwa kwa injini ndogo. Zinataka kutazamwa kwa jicho kali. Umeme nao: baadhi ya dizeli hizo za Toyota zilikuja na mfumo wa volti 24, na Land Rover ni volti 12, kwa hiyo mtu ajue stata na plagi za moto zilizomo ni zipi kabla hajanunua nyingine. Kuna na kadi ya gari. Namba ya injini iliyoandikwa mle ni ya ipi? Kama Baba hakuwahi kwenda kubadilisha, gari limetembea miaka yote likiwa na kadi inayotaja injini iliyolala chini ya mwembe, na siku ya ajali au ya kuuza jambo hilo litawauma. Ukaguzi wa polisi na marekebisho TRA vitahitajika.

Halafu kuna njia ya katikati, ambayo watu huidharau kwa sababu haina shangwe: kutengeneza chesisi, breki na mipira ya mauntingi sasa, kutokukata chuma kingine chochote, na kuiacha ile ya petroli ifufuliwe polepole kando yake. Ubaya wake ni kwamba inaweza kugeuka kuwa "siku moja" nyingine, ya kwako safari hii. Unajua mwenyewe kama hilo ungelivumilia.

Kuna kitu kingine kilichonishtua kidogo nikakaa kimya, mwanangu. "Baba aliniachia mimi." Alikupa funguo, naam. Lakini alisema nini alipokupa? Nyumba yenu, nionavyo, ni ya Kiislamu, na unajua kwamba zawadi inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, na wasia kwa mrithi hausimami bila ridhaa ya warithi wengine. Mama ana thumuni yake humo. Ndugu zako wana mafungu yao. Je, msimamizi wa mirathi amekwisha teuliwa Mahakama ya Mwanzo? Bila huyo, hata kadi haiwezi kubadilishwa jina. Sikuambii haya nikunyang'anye funguo. Nafikiri yanaweza kukufariji: huenda Baba alikupa funguo uzitunze, na uamuzi hakukupa wewe peke yako.

Na yule mzee. Fundi. Mwanangu, huyu ndiye ninayekuhimiza kumwendea haraka kuliko wote, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya moyo: alimzika rafiki yake, kisha akasikia kazi waliyoifanya pamoja ikiitwa kosa, tena na kijana aliyeiona kwa nusu saa. Ya pili ni ya kifundi kabisa. Gari la kuchanganya halina kitabu. Kitabu chake ni kichwa cha mzee huyo. Sahani ya klachi iliyomo ni ya gari gani? Bamba lile la kukereza lina unene gani, na bolti zake ni za Toyota au za Land Rover? Propela shafti ilikatwa? Mpira wa rejeta ulitoka kwenye nini? Fundi kijana hajui, kaka hajui, hata fundi wangu mimi hajui. Siku mzee huyo akiondoka, hamtaweza kulitunza vizuri likiwa na Toyota, wala kulirudisha vizuri kwenye petroli. Kwa hiyo, vyovyote mtakavyoamua, nenda kwake. Usitume mtoto. Nenda na sukari na majani ya chai, umsalimu, umwambie fundi kijana alisema yasiyo yake, kisha fungua daftari lako la ualimu umwombe akutajie kila kitu, nati kwa nati. Muulize pia kuhusu ile "siku moja". Wewe uliisikia ukiwa mtoto mbele ya pilau. Yeye huenda aliisikia saa nyingine, wawili wao wakiwa chini ya gari.

Kama atakuwa na nguvu, mwombe aje aangalie ile injini iliyokwama. Mpe kiti kivulini. Wewe shika tochi.

Nimemweka Mama mwisho, kama mlivyomweka wote. "Fanyeni mnavyoona" ni jibu la mama asiyetaka kuwagombanisha wanawe. Halituambii anataka nini. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia, bila kukusudia nadhani, kwamba mlio ule wa kukohoa ndio uliomwinua kuweka maji ya chai kwa miaka yote hiyo. Petroli haikohoi. Mkiibadilisha, hatausikia tena mlio huo kwenye kona. Huenda hilo ni sawa kwake. Wako wajane ambao sauti ya namna hiyo inawachoma kila siku, wakanyamaza tu. Huenda si sawa hata kidogo. Hakuna aliyemuuliza.

Kabla fundi yeyote hajafungua nati, chagua jioni moja Mama akiwa jikoni. Gari lisimame hapo hapo, lisitembee, mwambie mdogo wako aliwashe. Usimuulize Mama kitu. Keti naye tu karibu na jiko, umwangalie mikono, halafu uniandikie tena.

Mama yako Mshauri